Kuhamisha AC ya gari la zamani kutoka R12 kwenda R134a, kwa sisi tulioko Mbeya, Iringa na Njombe

Swali ni lilelile, linabadilisha nguo tu. "Fundi, nina Land Cruiser mkonga ya 1990, AC haipozi, nimeambiwa gesi yake haipo tena, nifanyeje?" Mwingine ana Mark II GX81 aliyoachiwa na baba yake mkubwa. Mwingine amejaziwa gesi mara tatu ndani ya mwaka mmoja, kila ikijazwa inapoza wiki mbili halafu basi. Nimejibu mmoja mmoja mpaka sauti imekauka, kwa hiyo leo naandika yote kwa pamoja. R12 ni gesi ya AC za zamani, R134a ndiyo iliyochukua nafasi yake.

Na kuna wale wa "Mbeya yenyewe baridi, AC ya nini?" Huyo hajashuka Kyela mwezi wa kumi na moja na watoto watatu kiti cha nyuma, wala hajakwama nyuma ya malori Kitonga saa nane mchana. Hata huku juu AC ina kazi yake. Ukungu wa Isyonje ukishika kioo cha mbele kwa ndani, utafuta kwa kitambaa mpaka mkono uchoke. Washa hita na AC kwa pamoja: evaporeta, ile rejeta ndogo ya baridi ndani ya dashibodi, inakamua unyevu wa hewa ya ndani na kuumwaga chini ya gari, kioo kinafunguka chenyewe.

Kwanza hakikisha gari lako kweli ni la R12. Magari mengi yaliyotoka kiwandani kabla ya 1992 ni ya R12, ya kuanzia 1995 ni ya R134a, hapo katikati ni mchanganyiko. Fungua boneti utafute kibandiko cha AC. Kama kimechunwa, tazama nepi za kujazia, yaani midomo ya kuingizia gesi: za R12 zina nyuzi za kufungia kwa nje, nyembamba, zinafanana na nepi ya tairi. Za R134a ni nene, laini, hozi inabofya na kushika yenyewe. Ukikuta hizo nene na hakuna dalili kwamba mtu aliwahi kubadilisha, mwongozo huu si wako. Wewe una mvujo tu, utafute uzibe.

R12 imeadimika kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni. Itifaki ya Montreal ya 1987 ndiyo iliyoifungia njia: nchi tajiri ziliacha kuitengeneza kuingia 1996, nchi zinazoendelea zikafika mwisho wake 2010. Mtu akikuuzia leo "R12 orijino", muulize ameitoa wapi.

Nadharia ni moja tu, na ukiielewa hii mengine yatakaa sawa. Oili ya AC ya zamani ni ya madini. Inayeyuka ndani ya R12 na kuzunguka nayo mfumo mzima hadi irudi kwenye kompresa, pampu inayobana gesi. R134a haiibebi oili hiyo. Ukijaza R134a juu ya oili ya zamani, oili inakwenda kulala kwenye evaporeta, kompresa inabaki inasaga chuma kwa chuma. Gari litapoza mwezi, mitatu, halafu kompresa inakufa na watu wanasema "gesi mpya imeua kompresa". Gesi ni robo ya kazi. Robo tatu ni oili, draya (kopo linalochuja na kunyonya unyevu) na kukausha.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJALEGEZA NATI

- Draya mpya iliyoandikwa kuwa inafaa R134a. Punje za kukausha ndani yake ziwe aina ya XH-7 au XH-9. Draya za zamani zilikuwa na XH-5, na hizo haziivumilii R134a na oili zake.
- Oili ya POE, yaani esta, kopo halijafunguliwa. PAG nayo inatumika, lakini kwa gari linalohamishwa mimi naweka POE kwa sababu inavumilia mabaki ya oili ya zamani.
- Seti ya oringi (pete za mpira za kuzibia viungo) za HNBR. Nyingi ni za kijani, ila rangi si cheti, soma pakiti.
- Adapta mbili za kufunga juu ya nepi za zamani, na sindano zake mpya. Adapta ya presha ndogo ina kichwa cha milimita 13, ya presha kubwa 16.
- Geji za R134a na hozi zake.
- Pampu ya vakyumu, ya kufyonza hewa na unyevu wote. Pampu kweli. Kompresa ya friji bovu iliyogeuzwa pampu inavuta hewa, lakini unyevu inauacha mlemle.
- Mtungi wa naitrojeni na regyuleta. Huna haja ya kununua, mafundi wa majokofu wanao, kodi au mlete aliye nao.
- Mzani wa dijitali unaosoma gramu. Wa jikoni unatosha ukitumia makopo.
- R134a yenyewe, dawa ya kuoshea mfumo wa AC, kipimajoto kidogo, miwani na glavu.

Vingi vya hivi utavipata ukizunguka maduka ya spea Mwanjelwa na Kabwe. Draya za magari ya zamani mara nyingi zinaagizwa Kariakoo na kupanda basi. Agiza mapema, usifungue mfumo halafu ndiyo uanze kusubiri basi.

MAMBO MANNE YANAYOUA AU KULEMAZA

Oksijeni. Kuna mafundi wanachukua mtungi wa welda wa oksijeni kupima mivujo kwa sababu ndio uliopo karibu. Oksijeni yenye presha ikikutana na oili inalipuka. Si "inaweza kulipuka siku moja". Usijaribu hata mara moja. Upepo wa kompresa ya kujazia tairi nao usiuchanganye na R134a, mchanganyiko huo ukiwa na presha unaweza kushika moto.

Gesi ya kupikia. Inapoza, sikatai. Lakini evaporeta iko ndani ya dashibodi, mbele ya magoti ya abiria, na ikivuja unakuwa umekaa ndani ya jiko ambalo halijawashwa.

Gesi iliyochakachuliwa. Kuna mitungi imeandikwa R134a na ndani kuna R40, ambayo inashambulia aluminiamu. Mwaka 2011 makontena ya friji ya meli yalilipuka kwa sababu inayodhaniwa kuwa ni hiyo, watu 3 wakafa. Kopo la bei ya ajabu liache dukani.

Sigara na moto wazi. R12 ikipita kwenye moto inatoa fosjini, sumu ya mapafu. Na gesi yoyote ya AC ikikurukia kimiminika inagandisha ngozi na jicho, ndiyo maana nimetaja miwani.

HATUA KWA HATUA

1. Pima kama gari linastahili kazi hii. Zungusha uso wa kompresa kwa mkono, uende laini bila kukwaruza. Ipe klachi ya kompresa umeme wa volti 12 moja kwa moja, usikie "taa!" ya kushika. Angalia kondensa, ile inayopoza gesi ya moto, mbele ya rejeta: gari lililotembea barabara za vumbi za Mbarali au Chunya huwa na kondensa iliyozibwa na udongo, mbegu na panzi. Osha kwa maji ya kawaida ukitokea upande wa rejeta, usipige kwa mashine ya presha, mapezi yatalala. R134a inafanya kazi kwa presha kubwa kuliko R12 joto likipanda, kwa hiyo kondensa chafu na feni mvivu vilivyovumilika zamani havitavumilika sasa. Feni ikiwa ya klachi ya mafuta na inazunguka kwa uvivu injini ikiwa ya moto, ibadilishe kabla ya yote.

2. Toa gesi iliyobaki. Unganisha geji usome gari likiwa limezimwa. Ikisoma sifuri, mfumo ni mtupu na una tundu, litafute hatua ya 8. Ikisoma presha, mpelekee fundi mwenye mashine ya kunyonya gesi, usiiachie hewani. Usidhani geji itakuambia iliyomo ni R12 au ni R134a aliyoweka mwenzako: kwa nyuzi 20 presha zao zinakaribiana sana, geji haioni tofauti. Muulize mwenye gari historia, na mwambie fundi wa mashine ukweli wote, maana gesi mchanganyiko inachafua mtungi wake.

3. Shusha kompresa na umwage oili yake. Ipindue juu ya chupa yenye vipimo, zungusha uso kwa mkono mara nyingi, iache ichuruzike nusu saa. Andika umepata mililita ngapi. Kisha mimina oili hiyo kwenye karatasi nyeupe uitazame juani. Ikiwa ya njano au kahawia hafifu, endelea. Ikiwa na vimulimuli vya fedha, kompresa imeanza kujila, simamisha kazi utafute nyingine, kwa sababu hivyo vimulimuli vitaziba kila kitu kipya utakachofunga.

4. Osha mabomba, kondensa na evaporeta kwa dawa ya AC, ukisukuma kinyume na njia ya gesi. Kompresa, draya na ekspansheni valvu (kitundu kinachoshusha presha kabla ya evaporeta) haziingizwi dawa. Usitumie petroli, dizeli wala mafuta ya taa. Ukimaliza, puliza naitrojeni mpaka kitambaa cheupe ulichoweka mdomoni mwa bomba kitoke kikavu. Watu wengi hawapulizi vya kutosha. Dawa iliyobaki inaifanya oili mpya iwe nyepesi kama maji.

Ukiwa na muda, kata draya ya zamani kwa msumeno. Ifanye hiyo mara moja katika maisha yako, inafundisha kuliko mimi. Ya mwisho niliyokata ilitoka kwenye Hilux ya mkulima wa viazi: punje za ndani zinatakiwa ziwe kavu na safi, kama ulezi uliopepetwa. Zile zilimwagika zikiwa za kahawia, zimeshikana kwa ute, nusu zimeshasagika unga. Unga ule ulikuwa njiani kuelekea ekspansheni valvu, yenye tundu dogo kuliko kijiti cha kiberiti. Mwenye gari alikuwa amekuja akilalamika bei ya draya mpya. Alipoona kiganja changu alinyamaza.

5. Badilisha oringi zote unazozifikia, hata zile zinazoonekana nzima. Zipake oili kwanza. Kila nati ifunge kwa spana mbili, moja inashika bomba, nyingine inakaza. Bomba la aluminiamu lililopindika halirudi.

6. Weka oili mpya. Kiasi kimeandikwa kwenye kibao cha kompresa au kitabu cha gari. Kwa magari madogo ya Kijapani jumla mara nyingi iko kati ya mililita 100 na 200, yenye AC ya nyuma inazidi. Nusu iingie kwenye kompresa, iliyobaki igawe kwenye evaporeta, kondensa na draya. Oili nyingi siyo ukarimu, inafunika kuta za evaporeta kama shuka na baridi inapungua. Ukimaliza zungusha uso wa kompresa kwa mkono mara kumi.

Kopo la oili lifunge papo hapo. POE inanywa unyevu wa hewa, na mvua za Tukuyu au ukungu wa Njombe unazijua. Kopo lililokaa wazi usiku mzima mpe anayepaka bawaba za geti.

7. Funga adapta na, mwisho kabisa, draya. Vifuniko vyake vya plastiki visitoke mpaka mabomba yawe tayari mkononi. Hakikisha pia kuna swichi ya presha ya kukata kompresa ikizidiwa. Magari mengi ya Toyota na Nissan ya miaka hiyo yanayo, iko kwenye bomba jembamba au juu ya draya. Kama lako halina, ongeza.

8. Jaza naitrojeni hadi psi 100, upeo 150, paka povu la sabuni kila kiungo. Viungo vya kompresa, mlango wa evaporeta na chini ya kondensa ndiko kwenye makosa mengi. Iache saa moja. Sindano ya geji ikiwa imesogea, kuna tundu. Usiende hatua ya 9 kwa matumaini.

9. Vuta vakyumu. Hapa ndipo napigiwa simu nyingi kuliko hatua zote: "Fundi, pampu yangu mpya ni mbovu, kwenye video inafika 30, yangu imeganda kwenye 24."

Pampu yako ni nzima. Ni wewe uko juu. Geji inapima kwa kulinganisha na hewa inayokuzunguka, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani. Dar es Salaam vakyumu kamili itasoma karibu inchi 30 za zebaki. Mbeya mjini, mita 1,700 hivi, mwisho wake ni kama 24 na nusu. Iringa inakaribia 25. Njombe, iliyo juu zaidi, inaishia 23 na nusu au karibu na hapo. Ukishuka Kyela pampu ileile itasoma 28. Ni sababu ileile inayofanya maharage ya huku yachelewe kuiva kuliko ya Dar: maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100, huku kwetu kama 94. Nimemwona kijana amerudisha pampu tatu dukani kwa ajili ya hizi inchi tano na nusu.

Kinachotukwamisha kweli ni baridi, siyo urefu wa mlima. Vakyumu inakausha kwa kuyafanya maji yaliyomo yachemke na kutoka kama mvuke. Bomba likiwa na nyuzi 10, asubuhi ya mwezi wa saba, maji hayo yana uvivu wa ajabu. Kwa hiyo huku usivute vakyumu saa moja asubuhi. Subiri jua, au washa injini bila AC mpaka boneti ipate joto, kisha zima na uvute. Dakika 45 ni kwa siku yenye jua na mfumo uliofunguliwa kwa muda mfupi. Gari lililokaa wazi siku nzima lipe saa mbili.

Funga vali zote za geji, zima pampu, subiri nusu saa. Sindano ikibaki palepale, safi. Ikipanda kidogo na kusimama, bado kuna unyevu, rudia kuvuta. Ikipanda bila kusimama, kuna tundu.

10. Jaza kwa mzani. Tafuta kiasi cha R12 kilichoandikwa kwenye kibandiko. R134a inaingia pungufu: anza na asilimia 80 ya uzito huo, usivuke 90. Kama kibandiko kinasema gramu 900, anza na 720, kisha ongeza 30 kwa 30 ukipima, na ukifika 810 simama.

Unganisha kopo kwenye hozi ya katikati, legeza hozi kwenye geji kwa sekunde moja gesi isukume hewa nje, kaza. Weka kopo kwenye mzani, andika namba. Fungua vali ya bluu tu, ya presha ndogo, injini ikiwa imezimwa, gesi iingie mpaka ichoke. Halafu washa injini, AC hadi mwisho, feni hadi mwisho, milango wazi, injini kwenye mizunguko 1,500 kwa dakika. Kopo lisimame wima, iingie gesi, isiingie kimiminika, maana kompresa haina uwezo wa kubana kimiminika.

Vali nyekundu, ya presha kubwa, usiiguse injini ikinguruma. Presha ya upande ule itarudi kwenye kopo na kulipasua mkononi.

Kopo likipoa na kugoma kutoa, na huku kwetu litagoma, lichovye kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu, yale ya kumwogeshea mtoto. Siyo ya birika, siyo jiko la mkaa. Likaushe kabla ya kulirudisha kwenye mzani, la sivyo utapima na maji.

Sasa kosa ambalo nimelifanya mwenyewe, ili usilifanye. Draya ina kioo kidogo juu. Enzi za R12 ulijaza mpaka mapovu yakaisha kiooni, ukafunga, ukaenda zako. Kwenye R134a kioo hicho kinadanganya: mabaki ya oili ya zamani yanaweza kukifanya kionekane cha maziwamaziwa na mapovu hata mfumo ukiwa umejaa. Mimi sikujua. Niliijaza Corolla yangu Uyole, mwezi wa saba, asubuhi, nikifukuza mapovu. Hewa ilikuwa baridi, geji nyekundu ilitulia vizuri, nikajipongeza. Keshoyake tukashuka Kyela harusini, mama mkwe kiti cha mbele. Baada ya Ipinda kompresa ikaanza kushika na kuachia, kushika na kuachia, halafu psshiii, vali ya usalama ikafunguka na wingu jeupe likatoka chini ya boneti. Mama mkwe alikuwa nje ya gari kabla sijasimama vizuri. Gesi ilikuwa imezidi sana tangu Uyole, baridi tu ndiyo iliyokuwa imeificha.

Ndiyo sababu nasisitiza mzani. Huku juu geji pekee haitoshi, itakusifia leo na kukuaibisha bondeni.

11. Pima. Kivulini, nyuzi 25, injini kwenye 1,500, upande wa presha ndogo usome psi 25 hadi 40, upande wa presha kubwa 150 hadi 200. Siku ya nyuzi 35, kama utakuwa Kyela au Mikumi, presha kubwa ya 210 hadi 250 ni ya kawaida. Kipimajoto kwenye tundu la katikati la dashibodi, madirisha yamefungwa, hewa ya ndani, kishuke chini ya nyuzi 10 ndani ya dakika kumi. Bomba nene linalorudi kwenye kompresa liwe baridi na limetoka jasho. Likiota barafu, kuna jambo.

12. Andika. Karatasi chini ya boneti: R134a, gramu ngapi, oili ya POE mililita ngapi, tarehe. Futa au funika maandishi ya R12. Adapta ziache palepale, na vifuniko vyake.

Kuhusu R1234yf, kwa sababu nalo linaulizwa: hiyo ni gesi ya magari mapya, Ulaya imeyalazimisha magari mapya yaache R134a tangu 2017. Ni ghali, inashika moto kwa kiasi, na gari lako la 1990 halitafaidika nayo. Achana nayo.

INAPOGOMA

Geji zote mbili ziko chini, inapoza kidogo. Gesi ni pungufu. Kama ulijaza kwa mzani na wiki imepita, basi inavuja, rudi kwenye povu.

Zote mbili ziko juu. Umezidisha, au hewa imebaki ndani, au kondensa haipati upepo. Mwagia kondensa maji kwa kopo huku ukitazama geji nyekundu. Ikishuka haraka na AC ikaanza kupoza, tatizo ni upepo, angalia feni.

Presha ndogo iko juu, kubwa iko chini, zinakaribiana. Kompresa haibani tena. Hakuna gesi itakayoiponya.

Presha ndogo inazama hadi chini ya sifuri. Njia imeziba, mara nyingi ni ekspansheni valvu. Ikiziba baada ya dakika ishirini, kisha ukizima na kupumzika ikafunguka, ni maji yanayoganda kwenye tundu lake. Vakyumu yako haikukausha. Draya mpya, anza hatua ya 9.

Kompresa inashika na kuachia kila sekunde chache. Soma geji wakati inaachia. Presha ndogo ikiwa chini sana, gesi haitoshi. Kubwa ikiwa juu sana, rudi kwa mama mkwe wangu.

Maji yanamwagika miguuni kwa abiria. Hakuna kilichoharibika. Bomba dogo la kutolea maji ya evaporeta limezibwa na udongo au kiota cha nyigu, lizibue kwa waya laini ukitokea chini ya gari.

Geji zinasoma vizuri, bomba nene limetoka jasho, lakini hewa inayotoka ni ya vuguvugu. Huu ni ugonjwa wetu wa nyanda za juu, sijauona sana kwa magari ya pwani. Huku hita inatumika mwaka mzima, na vali yake ya maji ya moto inazeeka ikiwa wazi, haifungi tena. Evaporeta inapoza hewa, sentimita chache mbele hita inaipasha tena. Fuata hozi mbili za hita zinazoingia kwenye ukuta wa injini, ibane moja kwa koleo ulilozungushia kitambaa, subiri dakika tano. Hewa ikigeuka baridi, umempata mchawi. Badilisha vali, au waya wake kama ndio umekatika, na gesi usiiguse.